Dawa Inayozijua Seli Mbaya

Asali alikwenda hospitali kama wengine waendavyo sokoni. Hakuwa na hata kikohozi. Aliwahi alfajiri, akakaa mbele ya foleni, kisha akawauzia waliochelewa nafasi yake, huku akiwapa pole kwa ule ulimi uliompa jina.

Siku hiyo mlango wa daktari haukufungwa vizuri, na sikio la Asali halikuzoea kukaa bure.

"Watafiti wanatafuta dawa za kuzitambua seli za uvimbe kwenye ubongo," daktari alikuwa akisema, "ziue hizo tu, seli nzima ziziache. Lakini bado zinajaribiwa. Mkeo tutampasua Jumatatu."

Asali alisikia yote isipokuwa "lakini".

Akatoka mume, fundi magodoro, nyuzi za pamba zimemganda mikononi. "Watamfungua kichwa mke wangu," aliuambia ukuta.

Asali akasogea. "Kisu cha nini, mzee wangu, na dawa ninayo?"

Jioni akafika kwao na chupa. Ndani mlikuwa na shubiri iliyochemshwa na rangi ya juisi, maana Asali aliwajua watu: dawa isiyo chungu hawaiamini. Malipo yalikuwa pikipiki ya fundi, iliyosimama mlangoni imeoshwa ikang'aa.

Mke alikuwa kwenye kochi, kitambaa kimekazwa kichwani kwa maumivu.

"Dawa hii ina macho, mama," Asali alianza. "Inaingia kichwani, inapita seli moja moja. Mbaya inaimaliza. Njema inaisalimia, inapita."

"Inaisalimia?"

"Shikamoo kabisa!"

"Mimi nimesimamia seli mpaka nikastaafu," mama akasema. "Sijaona wa kumjua mbaya kwa kupita tu."

Asali akacheka. Utani wa mgonjwa, alidhani.

Fundi aliushika ufunguo wa pikipiki. "Mke wangu, kubali. Tuwaambie Jumatatu hatuendi. Nikikupoteza huko, nitarudi na nani?"

Mama alimtazama mumewe kwa huruma. Kisu alikiogopa yeye pia, tena sana, ila chupa ile aliiogopa zaidi. Akamgeukia Asali.

"Mwanangu, na mtu mzima akiinywa?"

"Haimgusi."

"Hata chupa nzima?"

Ulimi ukishatangulia, akili hubaki ikihema nyuma. "Hata pipa!"

"Basi inywe, mume wangu akuone, moyo umtulie."

Asali aliutazama ufunguo, akaitazama pikipiki, akainywa yote mpaka tone la mwisho. Uso ulijikunja, lakini alitabasamu.

Shubiri haina adabu wala haijui biashara. Hakumaliza hata kusifu ladha yake, tumbo likanguruma.

"Choo kiko uani," mama akamwambia kwa upole.

Alikimbia. Alipokaa tu, akasikia kofuli.

"Mama! Mlango umejifunga!"

"Milango haijifungi, mwanangu, hufungwa. Ndiyo kazi niliyoifanya gerezani."

Asali alibembeleza, akaapa, akatisha kumshtaki. Kisha sauti ikalegea. "Mama, kopo halina maji!"

"Sema kilichomo kwenye chupa, nikuletee."

Tumbo likanguruma tena, likasikika hadi nje.

"Shubiri! Shubiri na rangi ya juisi! Maji, mama, nakuomba!"

Fundi aliketi kizingitini akalia kama mtoto, kwa aibu na kwa hofu. Kisha akautia ufunguo mfukoni. "Jumatatu nakupeleka mwenyewe."

"Twende," mkewe akasema. "Ila mashimo uyakwepe."

Mama akawapigia simu polisi. Walipofika walimpigia saluti. "Afande, mtuhumiwa yuko wapi?"

"Seli namba moja, hapo uani."

Asali alitolewa amekonda ghafla. Mama akamsindikiza mpaka kwenye gari.

"Nilikudharau bure, mwanangu. Dawa yako inachagua kweli. Tulikuwa watatu sebuleni, imempata mbaya peke yake."

Kwa mara ya kwanza maishani Asali aliuliza, kwa heshima zote, kama seli za huko aendako zina choo.