Kisu Chembamba na Kidole Gumba Changu

Jumatatu, 3 Juni

Kisu nilichoagiza kimefika. Nimekichukua kwa mwenye duka la vifaa saa ya chakula cha mchana, nikakitia ndani ya soksi ili mwenzangu wa karakana, yule tunayemwita Samahani, asikione. Nimechechemea mpaka jioni. Watu wawili wamenipa pole ya mguu, na mmoja ameniletea dawa ya kuchua.

Nimekitoa kwenye boksi nyumbani, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Kwanza nilidhani wamenitumia kalamu. Nilitegemea kitu cha kumfanya mtu arudi nyuma hatua moja. Hiki kina urefu wa kidole changu cha kati na unene wa penseli mbili zilizolazwa pamoja. Mpini wa mfupa, rangi ya chai ya maziwa. Misumari mitatu midogo ya shaba. Bapa moja tu, jembamba, limelala ndani ya mpini na kuacha mgongo wake kidogo tu nje. Mfukoni hakina uzito hata kidogo. Nimejipapasa mara nne nikidhani kimepotea.

Lakini ndicho chenyewe. Fundi Mkuu anacho kama hiki tangu kabla sijaoa. Husema kisu kipana hukata ngozi kwa kwenda mbele tu, bali chembamba hupinda nayo kwenye kona. Jumamosi anastaafu, macho yamechoka, na meza ya kukatia itapata mtu mpya. Ni mimi au Samahani. Tumeitwa wawili tu. Karakana nzima ya mikoba na mikanda inatutazama kama mechi ya fainali.

Jaribio ni lile la siku zote. Unampa Fundi Mkuu kisu chako kikiwa kimefungwa. Anakifungua, anakifunga, anasikiliza mlio. Anakurudishia kikiwa kimefungwa. Unakifungua mwenyewe mbele za watu, kisha unakata kipande cha ngozi cha duara, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kiwe kamba moja ndefu isiyokatika. Mwenye kamba ndefu ndiye mwenye meza.

Kukata naweza. Tatizo ni hapo pa kukifungua. Bapa lina kijifereji cha kuingizia ukucha, na mimi ukucha sina. Natafuna kucha tangu darasa la kwanza, na tangu Fundi Mkuu atangaze habari ya kustaafu nimezifuata mpaka kwenye nyama. Nimehangaika nusu saa. Springi ni ngumu, vidole vinateleza. Ncha yake naijua kwa picha iliyo kwenye boksi.

Jambo jingine, naliandika hapa tu. Wiki mbili zilizopita nilimwambia mke wangu kwamba meza nimeshapewa. Alikuwa na siku mbaya, nikataka kumfurahisha.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimemwomba mke wangu anifungulie kisu. Amekifungua kwa ukucha mmoja huku anaongea na mama yake kwenye simu, wala hakutazama. Kisha akaniambia mama mkwe atakuja Jumapili na dada yake kunipongeza kwa cheo. Chai imenipalia.

Mpango wa kwanza ulikuwa rahisi: kisu kikishafunguliwa, kisifungwe tena. Nitafanya nacho mazoezi wiki nzima kikiwa wazi, springi ichoke, Jumamosi kiwe kinafunguka chenyewe. Nimekwenda nacho kazini ndani ya gazeti, nikikishika mbali na mwili. Watu barabarani walinipisha.

Nilikiweka wazi kwenye droo yangu. Niliporudi kutoka msalani kimefungwa! Samahani amesimama pembeni, mikono nyuma. Akasema samahani, amekiona kiko wazi akaona akifunge kabla mtu hajajikata, tena ni kisu kizuri, hongera.

Jina lake halisi hakuna anayelitumia. Anaomba radhi mpaka kwa mlango. Wengine wanaona ni adabu. Mimi naona ni silaha. Mtu anayeomba radhi kutwa nzima lazima kuna jambo analolifanya.

Nimemwambia karani wa stoo akifungue, kwa kisingizio kwamba mikono yangu ina gundi. Nikakiacha wazi tena. Baada ya chakula kimefungwa tena. Safari hii ni Fundi Mkuu mwenyewe. Kisu kilicho wazi bila mkono juu yake, akasema, ni aibu ya karakana, na mimi ni mtu mzima na nalijua hilo. Alisema kwa sauti ya chini. Afadhali angefoka.

Jumatano, 5 Juni

Mpango mpya: kuotesha ukucha. Siku tatu zinatosha kwa ukucha mmoja ikiwa nitauacha kwa amani. Nimefunga kidole gumba cha kulia kwa plasta ili nisikitafune.

Sikufikiri watu watauliza. Wa kwanza akauliza nimejikata na nini. Nikasema mlango. Wa pili nikamwambia nyundo. Wa tatu alikuwa amesikia ya mlango na ya nyundo, akataka kujua ni nini hasa. Saa nne hivi karakana yote inaamini nimejikata na kisu kipya na ninaona aibu kusema. Fundi Mkuu amekuja kukitazama kidole, akatikisa kichwa, akarudi kwenye meza yake.

Samahani ameniletea plasta za akiba. Pakiti nzima. Nimemshukuru huku meno yameumana.

Jioni nimefungua plasta. Ukucha haujasogea. Ngozi imevimba na kuwa nyeupe, na kidole kingine cha mkono wa kushoto nimekitafuna vibaya kuliko kawaida bila kujua. Nina hofu hata ya kuitazama kalenda.

Alhamisi, 6 Juni

Nilipaswa kulifikiria hili tangu Jumatatu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anafanya kazi saluni ya kucha. Nimepita kwake saa sita. Akinamama watano wamekaa kwenye foleni, na mimi katikati yao nimeshika jarida la mitindo ya nywele. Nikamwambia shemeji nataka ukucha mmoja wa bandia, kidole gumba, na asimwambie dada yake. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele. Akasema shemeji, kila mtu na maisha yake, yeye hahukumu. Nikamweleza ni wa kisu. Akasema sawa, ni wa kisu.

Zilizobaki zilikuwa nyekundu zenye ua jeupe. Amenibandikia. Nyumbani nimeupaka dawa ya viatu ya kahawia mpaka ua likapotea.

Kisha nikakichukua kisu. Ukucha ukaingia kwenye kijifereji, nikavuta, bapa likaja lote kwa mlio mmoja mtamu. Tak! Nimekifungua na kukifunga mara sitini. Sasa ndipo nimekiona vizuri. Bapa ni refu kuliko nilivyodhani, limenyooka, halina mapambo, limechongwa na mtu aliyejua anachokifanya. Kikiwa wazi mkononi hakielemei mbele wala nyuma. Nimechukua mkanda wangu wa zamani nikaukata duara, na kisu kikapinda kona yenyewe kana kwamba njia inaijua. Nilikidharau bure kisu cha watu. Nimeketi ukingoni mwa kitanda nikatabasamu peke yangu, jambo ambalo sijalifanya tangu mwezi uliopita.

Mke wangu aliingia. Nikakalia mkono.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya hatari. Ukucha unacheza kidogo upande mmoja. Dawa ya viatu imeacha alama tatu za kidole kwenye mkoba mweupe wa mteja, na karani wa stoo anachunguza vidole vya kila mtu. Nimefanya kazi na mkono wa kulia mfukoni. Nimebandika mifuko minne kwa mkono wa kushoto, na miwili imebandikana yenyewe kwa yenyewe.

Saa ya chai Samahani alinifuata pembeni, kwenye marobota ya ngozi. Akasema samahani, haingilii mambo ya watu, ila ananiona nikihangaika na kile kisu tangu Jumanne. Akasema visu vyembamba vya namna ile havihitaji ukucha kabisa. Mgongo wa bapa umejitokeza nje kidogo, unaubana kwa kidole gumba na cha shahada, unavuta, basi. Hata Fundi Mkuu hufanya hivyo. Akataka kunionyesha kwa chake.

Nikamwambia asante, sihitaji.

Sikuzaliwa jana. Kesho tunashindania meza moja, leo ananifundisha kufungua kisu? Anataka nibane bapa mbele za watu, liniteleze, linikate, damu imwagike juu ya ngozi, halafu yeye aseme samahani. Nimeliona hilo wazi kabisa. Ila mtego wenyewe umenitisha, kwa sababu umefumwa vizuri sana. Nimekwenda kwa shemeji akaongeza gundi. Safari hii hakuuliza chochote.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimeulowesha kwenye ndoo ili gundi itoke.

Tulisimama watu tisa kuzunguka meza ya kukatia. Samahani alianza. Kisu chake ni chakavu, mpini una ufa. Fundi Mkuu alikisikiliza, akamrudishia. Samahani akabana mgongo wa bapa kwa vidole viwili, akavuta, likafunguka. Nikajiambia huyu mtu ni hatari, yuko tayari kuuhatarisha mwili wake mwenyewe ili mimi niuamini mtego. Akakata polepole, ulimi nje. Kamba ilitoka mezani mpaka mlangoni na kurudi nusu.

Zamu yangu. Nikampa Fundi Mkuu kisu kikiwa kimefungwa. Nilijua ninaweza kuipita kamba ile, nilikuwa nimejipima nyumbani. Akakigeuza kwenye kiganja, akakipitisha kidole kwenye mfupa, akahesabu misumari. Kisha akabana bapa kwa vidole viwili, likafunguka. Hapo ndipo nilipokitazama kidole gumba chake: hakina ukucha. Mashine ya kushonea iliuponda, naambiwa, nikiwa bado nasoma shule. Akakifunga karibu na sikio. Akasema hiki ni kisu cha mkataji hasa, kizuri kuliko alichoanza nacho yeye. Machozi yalinilenga. Kwa dakika ile moja meza ilikuwa yangu.

Akanirudishia. Nimewaona wawili kwa macho yangu wakibana na kuvuta. Lakini mpango ni mpango, na ukucha nilikuwa nao. Nikauingiza kwenye kijifereji nikavuta kwa nguvu zote.

Ukucha uliruka. Sikuuona unapita, niliusikia tu ukitua ndani ya kikombe cha Fundi Mkuu. Akauopoa kwa kijiko. Chai ilikuwa ya moto, dawa ya viatu ikayeyuka, ua jeupe likajitokeza. Akauliza kama ni wa kwangu. Nikasema hapana.

Jasho limenijaa viganjani, kisu kinateleza kama sabuni. Samahani akaniinamia, akanong'ona samahani, bana tu. Nikamwambia kwa sauti asinivuruge. Nikajaribu meno. Fundi Mkuu akanipokonya kisu, taratibu, jinsi mtu anavyompokonya mtoto mkasi, akakiweka mezani kikiwa kimefungwa. Akasema mtu anayeona aibu kuuliza namna ya kukifungua kisu, kesho ataona aibu kuuliza namna ya kukata ngozi ya mteja, na ngozi haishoneki tena ikawa nzima.

Meza ni ya Samahani. Mimi kuanzia Jumatatu nitakuwa meza ya gundi. Nilitoka bila kuaga, na kisu nikakisahau pale pale. Nyumbani mke wangu anapanga viti. Sikumwambia. Nimekaa bafuni na maji nimeyafungua ili asinisikie.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe amefika saa tano na dada yake, wamevaa nguo za sherehe. Amenipa mkono, akanishika kwa mikono miwili, akasema siku zote alijua mimi ni mtu wa kufika mbali. Hajawahi kujua hivyo. Nilikuwepo siku aliposema kinyume chake. Mke wangu alisimama nyuma yake anang'aa uso mzima, na mimi nikakaa kwenye kiti kilichopangwa katikati.

Tukiwa kwenye soda za kwanza, mlango ukabishwa. Samahani. Nusura nipite dirishani. Nimemtoa mpaka kibarazani haraka, mlango nikauegesha.

Amekuja kunirudishia kisu, amekifunga ndani ya kitambaa safi. Akasema samahani kwa kunisumbua Jumapili. Kisha akasema jana jioni amezungumza na Fundi Mkuu. Kazi ya kukata ni nyingi, meza ni pana, inatosha watu wawili. Yeye ameniona nikikata mwaka mzima na anajua mkono wangu kwenye kona ni bora kuliko wake. Fundi Mkuu amekubali, kwa sharti dogo tu: kesho nifike nusu saa kabla ya wengine, Samahani anionyeshe kukifungua kisu, Fundi Mkuu apite aone nimejifunza, na kesho hiyo hiyo nisimame kwenye meza ya kukatia, upande wa dirisha. Hakuna mwingine atakayejua.

Hakuna mtu anayegawa nusu ya meza yake bure. Kwa nini mapema? Kwa nini pasiwe na watu? Kuna nini kwenye ile meza asichotaka kubaki nacho peke yake? Kichwa changu kilikuwa kimetulia. Nikamwambia nashukuru, ila kesho asubuhi nimebanwa. Akasema samahani, akaondoka, akageuka mara moja njiani kunitazama.

Niliporudi ndani mama mkwe aliuliza yule ni nani, mwenye heshima vile. Nikasema ni msaidizi wangu pale mezani. Akasikitika. Akasema mtu mwenye adabu ya namna ile hafai kuachwa kuwa msaidizi maisha yake yote, nimwonee huruma nimpandishe cheo.

Nimemwambia nitalifikiria.