Sahihi ya Mzazi kwa Msomaji wa Mtandaoni

Wazazi wote wenye mtoto chuoni hapa Kigali, mnatangaziwa: maktaba ya mtandaoni imefunguliwa. Iko wazi usiku na mchana, na haiingiliki. Mimi ni fundi cherehani wa Nyamirambo, niliishia darasa la sita, lakini hili nimelielewa, ndiyo maana nawaonya: msiende bila kitambulisho.

Mkurugenzi wa maktaba, Daktari Gatera, alisaini imihigo, zile ahadi za kazi za mwaka: matumizi mabaya ya maktaba yawe sifuri. Mtu hodari. Aligundua kwamba asiyesoma hawezi kusoma vibaya. Basi kila mwombaji, bila kujali umri wala cheo, hupewa neno la siri baada ya mzazi wake kufika mwenyewe Jumanne na kuthibitisha tabia yake. Wenye wazazi kule mbali Rusizi wakakata tamaa. Matumizi mabaya yakawa sifuri. Wasomaji walibaki tisa, lakini hao hawakuwa kwenye imihigo.

Raihana wangu anaandika utafiti juu ya upungufu wa damu kwa wajawazito. Alihitaji makala kumi na moja. Asipokabidhi Ijumaa, anarudia mwaka. Jumanne ya kwanza sahihi yangu ilitoka nje ya kisanduku. Ya pili nilibeba kitambulisho cha mume wangu. Ya tatu tukawahi foleni ya wanafunzi na wazazi wao.

"Binti huyu unamjua?" akauliza karani Joselyne.

"Nimemzaa."

"Mama, hapa ni ndiyo au hapana."

Kabla sijajibu, wakaingia wakaguzi wa imihigo, tukarudishwa kwenye benchi. "Daktari, tufungulie kitabu kimoja tu."

Daktari akabonyeza. Kompyuta ikataka neno la siri. Hakuwa nalo, hajawahi kuhitaji kusoma. Joselyne akampa fomu. "Bila kujali cheo, Daktari. Uliandika mwenyewe."

Saa moja baadaye mama yake Daktari, bibi Mukandekezi, akashuka kwenye pikipiki kutoka Kibagabaga, kofia ya abiria bado kichwani.

"Mama, pita mbele, wageni wanasubiri!"

"Na hawa watoto?"

"Wanasubiri pia, lakini wao wamezoea."

Bibi akaniambia, "Sogea, mwanangu," akakaa mwisho wa benchi. "Nitasaini wa mwisho."

Sijawahi kuona fomu zikikimbia vile. Daktari mwenyewe alipiga mihuri. Saa sita Raihana alikuwa anasoma makala ya nne.

Saa tisa zamu ya bibi ikafika. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Nathibitisha kwamba mwanangu hasumbui watu." Akaangalia benchi. Akaweka kalamu chini.

"Gatera, mimi nimeokoka. Uongo sisaini."

Raihana alikabidhi Alhamisi. Wazazi, bebeni vitambulisho vyenu wenyewe. Daktari mtamkuta bado pale benchini, mpole siku hizi. Wakaguzi walimwandikia kwa wino mwekundu: anarudia mwaka.