Kisanduku Hakirudi Kitupu

"Wananchi wote wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Magara hadi Nyanza-Lac, mnajulishwa kwa furaha kwamba mashine ya Ofisi ya Usalama wa Mitumbwi, hapa Rumonge, sasa ina adabu."

Ndivyo lilivyosema tangazo nililolibandika kwa mkono wangu kwenye ukuta wa soko la samaki. Mimi ndiye katibu wa ofisi hiyo. Naandika mambo yalivyokuwa, kwa sababu kuna watu sokoni wanayasimulia huku wanacheka, na hilo halisaidii kumbukumbu za ofisi.

Kila mtumbwi uliosajiliwa umepewa kidude chenye kitufe chekundu na taa ya kujibiwa. Injini ikifa, au maji yakiingia, mvuvi anabonyeza na wito unafika kwenye mashine ofisini. Mfumo wa mashine hiyo, hadi kiini chake, uliandikwa na Nadia, binti wa mzee Rachid mvuvi. Ni msichana aliyesoma chuo, na huongea kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Siku ya kwanza alitueleza hivi:

"Shefu, ndani ya kiini nimetenga kumbukumbu ya visanduku sitini na vinne. Vyote ukubwa mmoja. Wito ukifika unapewa kimoja. Waokoaji wakishatumwa, kisanduku kinarudishwa, kinangoja mwingine."

"Vyote ukubwa mmoja?" aliuliza Shefu Josias, mkurugenzi wetu. "Hata cha kwangu?"

"Hata cha kwako, Shefu. Ndiyo maana mashine haihangaiki kupima nani anatosha wapi. Inachukua chochote kilicho wazi."

Shefu alilimeza hilo, maana ni mtu wa watu. Akauliza tena:

"Na kinaporudishwa, kinarudi na nini?"

"Kinarudi kitupu, Shefu."

Mimi mwenyewe niliona aibu kwa niaba ya mzee Rachid. Ninyi mnajua: jirani akikuletea samaki wa mukeke kwenye bakuli, unalirudisha na mawese kidogo, au muhogo, au hata ndimu mbili. Bakuli tupu hurudishwa na mtu aliyekusudia ugomvi.

"Mwanangu," Shefu alisema kwa huruma, "mama yako ndivyo alivyokulea?"

"Shefu, hiki si bakuli. Kikirudi na kitu ndani, mashine inaona bado kina kazi. Hakipewi mwingine."

"Basi weka kitu kidogo."

"Kidogo na kikubwa ni sawa, Shefu. Kisanduku kizima kinahesabiwa kimejaa."

"Weka murakoze, asante ya Kirundi. Nani amewahi kuvimbiwa na murakoze?"

Tulicheka sote isipokuwa Nadia. Jioni hiyo hiyo ulitoka Waraka wa Kwanza: kisanduku hakirudi kitupu. Wa Pili uliagiza murakoze iambatane na jina kamili la Shefu. Wa Tatu ulikataza kufuta shukrani kabla aliyeshukuriwa hajaitikia. Nadia aliandika barua ya kupinga, yenye heshima sana, na mimi niliiweka mahali pake kwenye faili. Kufikia Waraka wa Saba, hakuna aliyeweza kufuta chochote bila neno la siri, na neno hilo alilijua Shefu peke yake. Aliyelihitaji angejaza fomu na kuikabidhi kwa Shefu kwa mkono wake, mbele ya katibu.

Kwenye kioo cha mashine kuna namba inayoonyesha visanduku vilivyo wazi. Ilianza sitini na nne. Injini za mwambao huu mnazijua, kwa hiyo wito haukukosekana, na kila wito ulipokwisha, murakoze ilibaki ndani. Wiki ya tatu namba ikawa kumi na moja. Jumatano ikawa sifuri, na Shefu akapiga picha pembeni yake.

"Sifuri!" alisema. "Hakuna kisanduku kinacholala bure. Ofisi gani nyingine imefika hapa?"

Alimwalika mkaguzi kutoka Bujumbura, Madamu Beatrisi, aje kuona. Ijumaa angempeleka hadi mbele ya Kigwena kwa mtumbwi, abonyeze kitufe mwenyewe, waokoaji wafike mbio, picha zipigwe. Uliteuliwa mtumbwi wa mzee Rachid, kwa kuwa rangi yake ilikuwa bado mpya.

"Katibu," Nadia aliniambia, "baba akibonyeza hakuna kitakachomsikia."

"Una bahati," nilimtuliza. "Atakuwa na Shefu."

Ijumaa wote watatu walitoka saa tatu asubuhi, warudi saa tano. Saa saba walikuwa bado hawajaonekana. Simu zao hazikupatikana. Upepo ulikuwa unasukuma maji upande wa Kongo, na Nadia alikuwa amesimama mbele ya ile sifuri.

"Niandikie tu kwamba umeniruhusu, nijaribu tena kumpigia Shefu anipe neno la siri."

"Waraka wa Saba haukutaja simu. Na simu haipatikani."

"Baba yangu iko majini, Katibu!"

"Shefu pia yuko majini, na hajalalamika."

"Atalalamikia wapi? Visanduku vimejaa jina lake!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. Niliandika saa. Alifuta macho, akavuta pumzi, akarudi kwenye sauti yake ya chumvi.

"Nipe fomu."

Alijaza yote, hadi jina la mama.

"Inakabidhiwa kwa mkono?"

"Kwa mkono wa mwombaji, mbele ya katibu."

"Basi twende tukakabidhi."

Nilitafuta kifungu cha kumzuia, sikukipata. Waokoaji walikuwa ufukweni wanacheza karata. Bila wito hawaruhusiwi kuondoka, lakini kubeba barua za ofisi wanaruhusiwa. Nilichukua faili zima, ili Shefu asije akakosa rejea yoyote, tukapanda boti yao.

Tuliwakuta mbali kupita Kigwena. Injini ilikuwa imekufa. Mzee Rachid alikuwa anapiga kasia kwa ubao wa kukalia. Madamu alikuwa ameshika viatu vyake mkononi. Shefu alikuwa amesimama, kidole gumba kwenye kitufe.

"Nimebonyeza mara mia mbili!" alipiga kelele. "Mbona mmechelewa kuja kutuokoa?"

"Hatukuja kuwaokoa, Shefu," nilimjibu, kwa sababu katibu hasemi uongo. "Tumeleta fomu."

"Baba, u mzima?" Nadia aliuliza.

"Mi niko, mutoto wangu. Huyu mwenzangu ndiye ameumia kidole."

Kamba ikafungwa. Madamu akauliza kwa upole kwa nini mashine haikusikia. Shefu akasema ni mambo ya ufundi, vijana wa siku hizi wanaandika bila kuangalia. Nadia aliinamisha kichwa. Mimi sikuweza kuvumilia Shefu ajinyime sifa yake mbele ya mgeni. Nilimkabidhi Madamu faili, aone jinsi Shefu alivyosimamia kila hatua: nyaraka saba, sahihi saba, na barua ya Nadia ambayo Shefu aliandika juu yake, "Mtoto huyu afunzwe adabu."

Shefu alinyoosha mkono kulichukua.

"Kaa, Shefu," mzee Rachid alimwambia. "Mtumbwi unayumba."

Madamu alisoma ukurasa kwa ukurasa hadi Rumonge. Muda ulikuwepo, tulikuwa tunavutwa.

Ufukweni, Shefu alitaja neno la siri mbele ya watu. Lilikuwa jina lake. Nadia alikimbilia ofisini, akafuta, namba ikarudi sitini na nne. Kisha Madamu akaagiza meza ya mkurugenzi ihamishiwe mtumbwini kwa miezi mitatu, awe karibu na huduma anayoiongoza.

Sasa Shefu Josias hutoka kila asubuhi na mzee Rachid, na hajatoa waraka hata mmoja. Kila baada ya saa moja anabonyeza kitufe kuuliza kama bado kuna kisanduku kitupu. Nadia humwashia taa kwamba kipo.