Simu Imemtukana Mkwe Wangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Duka la Programu za Simu,

Pokea salamu za msusi mwenye hasira, ila adabu bado ninazo. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ametengeneza programu ya kupanga foleni ya saluni yangu. Duka lako limeikataa, basi tunaigawa wenyewe, simu kwa simu, mteja akiwa bado na povu kichwani. Kila tukiigawa, simu inapiga kelele kwamba imetoka "chanzo kisichojulikana". Wateja wanaogopa, mkwe hali chakula, na binti yangu ananinunia mimi! Kwa hiyo nalalamika:

1. Kisichojulikana na nani? Mtu tuliyempa binti! Shangazi zake walimchunguza hadi wakajua analala akikoroma upande gani. Nyinyi mlimuuliza nani?

2. Simu inasema kazi yake "inaweza kuleta madhara". Ni maneno hayo ya kumwambia mtu mbele ya mama mkwe wake?

3. Programu ya tochi niliichukua dukani kwako, sikuonywa lolote. Ikataka kujua ninapolala na namba za ndugu zangu wote. Tochi! Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hilo lako halinijui na limeshaanza kutafuna.

4. Naomba uje na wazee wako, mkae sebuleni kwangu, mtambulishwe kwa mkwe, mle mshibe. Kisha simu zote duniani zitangaziwe kwamba chanzo kimejulikana, ni mume wa mtu.

5. Usipokuja, kichwa chochote kutoka ofisini kwako kikifika hapa kusukwa, nitakirudisha na povu lake. Sikijui kilikotoka.

Nisalimie mkeo, watoto, mlinzi wa getini, na huyo anayeandika maonyo, Mungu amsamehe.

Ni mimi niliyeumia kwa niaba ya ukoo,
Mama Mkwe wa Chanzo

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, programu imempa kila mteja namba moja. Wote wanagombea kiti kimoja, nami nimejifungia stoo na kitana changu. Mkwe ametuma toleo jipya sasa hivi, anaapa kwamba hili ni zima. Simu imeniuliza kama nakiamini chanzo. Nimebonyeza "Hapana". Mkwe nampenda sana, lakini namjua.