Ubongo wa Mabatini

Mzee mmoja alirudishiwa barua yake kwenye dirisha la ofisi ya serikali kwa sababu aliiandika kwa mkono. "Siku hizi barua zote zichapwe," karani alisema, akafunga dirisha, akaenda kunywa chai. Watu wa kwenye foleni walimwonea mzee huruma. Jonathan Nkwabi, aliyekuwa nyuma yao, aliona biashara.

Ilikuwa mwaka 1996. Soko huria lilikuwa limeingia Mwanza bila kuvua viatu, na kila mtu ameambiwa auze alicho nacho. Jonathan alikuwa na mdomo.

Wiki ile ile, kwenye mnada wa kampuni moja iliyofilisika, alinunua kompyuta iliyokuwa inawaka tu. Zaidi ya kuwaka haikuwa na kazi nyingine. Hapo mnadani alimkuta Odeta, mpiga chapa aliyepunguzwa kazini, amesimama akitazama taipureta yake ya miaka kumi na moja ikipigiwa bei. Jonathan akainunua taipureta, akamchukua na mwenyewe.

Walipanga chumba Mabatini, wakakigawa kwa plaiwudi. Mbele ilikaa kompyuta, na pembeni yake feni bovu lenye kelele za kinu cha mahindi. Nyuma alikaa Odeta na taipureta yake, pamoja na mlango mdogo wa kutokea uchochoroni. Mteja anapenyeza karatasi yake kwenye tundu chini ya kompyuta, feni linanguruma, na baada ya dakika chache maneno yake yanatoka yamechapwa safi. Bango la nje lilisema: KOMPYUTA INASOMA MWANDIKO WOWOTE.

"Feni la nini?" watu waliuliza.

"Linapoza ubongo," Jonathan aliwajibu, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesoma risala.

Watu walikuja mpaka kutoka Igoma. Wengine walikuwa wateja wa zamani wa Odeta, waliokaa miaka kumi wakilalamika kwamba anachelewesha barua zao. Sasa waliisifu mashine kwa kasi yake, na Odeta aliwasikia vizuri sana kupitia plaiwudi.

Halafu akatokea mzee Mayala, aliyetajirika kwa kuuza mabondo, vile vibofu vya samaki sangara, akasema anataka kuinunua mashine yenyewe, kwa milioni mbili. Jonathan alikosa usingizi kwa furaha.

"Nusu kwa nusu, dada Odeta," alimwambia asubuhi ya mauzo. "Mzee akilipa tu, tunagawana, tunapotea."

"Kweli, kaka Jonathan?"

"Mimi na wewe ni damu moja!"

Kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na barua aliyomwandikia mjomba wake Shimba wa Sengerema, aliyotaka kumpa dereva wa lori aifikishe.

Mzee Mayala alifika saa nne, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, Bwana Nestory, ili awe shahidi.

"Shikamoo mzee," alisema Jonathan.

"Marahaba. Unajua, kijana, pale ofisini nina wapiga chapa watatu. Jumatatu nawatoa wote. Mashine haiendi msibani, wala haina mtoto mgonjwa."

Nyuma ya plaiwudi kitu kilidondoka kwa kishindo.

"Ubongo huo," Jonathan alidakia haraka. "Umefurahi."

"Lakini naijaribu kwa karatasi ambayo hukuniandalia," mzee alisema, na kabla Jonathan hajakaa sawa, alishachomoa ile barua mfukoni mwa Jonathan. Aliigeuza huku na huku. Mwandiko wa Jonathan, tuseme ukweli, ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino. "Hii hata mimi inanishinda. Haya, tuone!" Akaipenyeza kwenye tundu.

Jonathan aliloa jasho mpaka kwenye soksi. Barua ile ilisema hivi: *Mjomba, leo nauza. Nakuja peke yangu na kivuko cha saa tisa. Yule mwanamke nitamwacha humo ndani akidhani nimekwenda kuchenji hela.*

Feni lilinguruma. Karatasi ikatoka. Mzee Mayala akasoma kwa sauti: "Mjomba, nakusalimu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, naomba mniombee." Akapiga kofi mezani. "Inasoma!"

Jonathan alitaka kulia. Maskini Odeta, alifikiri, kumbe ananipenda! Karibu amwonee huruma. Karibu.

"Tuandikiane," alisema mzee.

"Mashine yenyewe itachapa mkataba," Jonathan alijibu kwa mbwembwe. Akauandika kwa mkono, akaupenyeza. Feni likanguruma kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Zikatoka nakala mbili.

Mzee Mayala alisoma yake polepole, midomo ikicheza. "Kifungu cha tatu nimekipenda. Sikukitegemea kabisa."

"Hicho ndicho roho ya mkataba, mzee."

"Na wewe husomi?"

"Nikisoma nitakuwa naitukana mashine. Haikosei." Akatia sahihi, mzee naye akatia yake, na mwenyekiti akagonga muhuri.

"Sasa yuko wapi huyu Odeta, aliyeandikwa hapa kuwa mwenye mashine, nimkabidhi fedha?" mzee aliuliza.

Odeta aliingia kwa mlango wa mbele, kajifunga kitenge kipya, mkoba begani. "Ndiye mimi. Shikamoo mzee."

Jonathan alifungua mdomo. "Mzee, huyu..." Huyu nani? Akisema ni mpiga chapa wake, itabidi aeleze alikuwa akichapia wapi. Mwenyekiti alikuwa bado ameshika muhuri. Jonathan akaufunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akachukua nakala yake na kusoma kifungu cha tatu: *Ndugu Jonathan Nkwabi, fundi, ataihudumia mashine miaka mitatu bila kutoka Mwanza, na ikisimama atarudisha fedha zote yeye binafsi.*

Odeta alihesabu milioni mbili bila haraka. "Nisichelewe kivuko," alisema. "Kaka Jonathan, mjomba nitakusalimia."

Jumatatu mzee Mayala, aliyeiacha mashine palepale Mabatini chini ya fundi wake, alileta madaftari manne ya habari za maisha yake, kwa mwandiko wa kutisha. Jonathan alisema anakwenda kuuangalia ubongo, akazunguka uchochoroni, akaketi kwenye kigoda cha Odeta. Kwenye taipureta aliikuta karatasi. Ilikuwa barua yake kwa mjomba Shimba, imechapwa neno kwa neno, haina kosa hata moja.

"Fundi!" mzee aliita kutoka mbele. "Mbona leo nzito?"

"Inajifunza mwandiko wako, mzee!"

Akaiondoa barua, akaweka karatasi tupu, akanyoosha kidole kimoja na kuanza kuitafuta herufi M.