Faili Lenye Kinyongo

Mtu aliyeshindwa na kompyuta humjui kwa mavazi. Unamjua kwa sauti, maana hunong'ona kwenye simu kwa ukali. Pyo Gwang-sik alikuwa katikati ya bakuli la supu ya mifupa, katika mgahawa wa nyuma ya maduka ya elektroniki ya Yongsan, alipoisikia sauti hiyo meza ya pili.

"Nalifuta, halifutiki! Linasema eti linatumika. Linatumika na nani, na mwenye faili ni mimi?"

Pyo akaweka kijiko chini. Kwa miaka sita alikuwa akiishi mjini Seoul kwa elimu moja tu: faili likigoma kufutika, mara nyingi kuna programu imelishikilia, zima kompyuta, iwashe, litafutika. Elimu hiyo hainunui hata kikombe cha kahawa. Lakini Pyo hakuwa akiuza elimu, alikuwa akiuza hofu, na hofu ina bei nzuri kila msimu.

"Samahani, mheshimiwa," alisema, akiinama hadi tai yake ikaonja supu ya mwenziwe. "Faili lako limekataa mara ngapi?"

"Mara kumi na moja. Wewe nani?"

"Kumi na moja!" Pyo akafumba macho kama aliyeletewa habari ya msiba. Akatoa kadi kwa mikono miwili: *Daktari Pyo, Mafaili Sugu.* "Hilo halijafungwa tu, mheshimiwa. Hilo lina kinyongo."

Mheshimiwa huyo alikuwa Tak Hak-su, mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa maghorofa fulani. Wakazi walikuwa wamechanga fedha za kutengeneza lifti ya jengo la tatu. Lifti haikutengenezwa, ila mwenyekiti alipata gari jipya. Faili lilieleza hayo yote, na kesho asubuhi wakaguzi wa wilaya walikuwa wanakuja. Msiniulize kwa nini mwizi aandike wizi wake mwenyewe. Tak alikuwa mtu wa utaratibu. Hata kuiba aliiba kwa nidhamu.

"Litafutika leo?" aliuliza.

"Litafutika, ila kwa tambiko. Kichwa cha nguruwe, keki za mchele, pombe. Nguruwe awe anatabasamu, aliyenuna hafai. Ada yangu sipokei mkononi, inawekwa mdomoni mwake."

Tak hakushangaa. Alikuwa ameshalisujudia gari lake jipya kwa namna hiyo hiyo, na likawaka.

Saa tisa alasiri nguruwe alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya ofisi ya maghorofa, akitabasamu. Chumba cha pili, Bi Ok Mi-rye, karani wa ofisi, alikuwa akichapisha karatasi.

"Tunaiombea afya kompyuta," Tak alimwambia mlangoni.

"Vizuri, mwenyekiti. Mimi naendelea na kazi zangu," alijibu Bi Ok bila kuinua kichwa.

Tak akasokomeza noti mdomoni mwa nguruwe. "Paji la uso sakafuni!" aliamuru Pyo. "Mara tatu, na usichungulie!" Mwenyekiti alipoinama, Pyo akainua sauti kumbembeleza faili lilegeze moyo, huku kidole chake kikizima mashine na kuiwasha tena. Kazi ya miaka sita, hata jasho haikumtoa.

Tak akainuka, akabofya.

"Daktari, bado linasema linatumika."

"Haiwezekani."

"Njoo usome mwenyewe!"

Pyo akasoma. "Nguruwe hajashiba," alisema.

Tak akaongeza noti, wakarudia. Faili likakataa. Hapo ndipo wazo baya sana lilipomwingia Pyo: na kama kinyongo kipo kweli? Je, kama kwa miaka sita alikuwa akidhihaki kitu kinachosikia? Akapiga magoti kando ya Tak, na safari hii akasujudu kwa moyo wote. Kisha, jamani, akatoa pochi yake mwenyewe, akamlisha nguruwe kila kilichokuwamo, hadi akiba ya kodi ya nyumba.

Chumba cha pili printa ikanyamaza.

Tak akabofya, faili likatoweka. Wanaume wawili wazima wakakumbatiana wakilia.

Faili lile halikuwa na kinyongo na mtu. Mafaili yote ya ofisi yalikaa kwenye mashine nyingine iliyofungiwa kabatini, na Bi Ok alikuwa amelifungua kwenye kompyuta yake tangu asubuhi. Alikuwa akilichapisha, nakala kwa kila nyumba. Alipomaliza akalifunga, kama mtu yeyote mstaarabu, kisha akashika kipaza sauti kinachosikika sebuleni kwa kila mkazi.

"Wakazi wapendwa, ofisini kuna tambiko, na keki za mchele ni nyingi. Shukeni mle. Wa jengo la tatu, poleni na ngazi."

Keki ya tambiko hainyimwi jirani. Walishuka wote, na kila mmoja akapewa kipande juu ya karatasi.

"Mwenyekiti," alisema mama mmoja huku akitafuna, "hii 'shukrani ya fundi' kwenye ukurasa wangu ni shukrani ya nini?"

Tak akatafuta kiti. Pyo akakumbatia kichwa cha nguruwe, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Kiweke chini, daktari," alisema Bi Ok. "Cha tambiko ni cha wote. Noti hizo zitaanzia lifti."

"Lakini dada, humu mna hela yangu mwenyewe!"

"Yako? Kwani na wewe ulikuwa mgonjwa?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bi Ok akaipepea kwa vidole viwili ile kadi ya Pyo, aliyoiokota mezani kwa mwenyekiti. "Wakaguzi wanakuja kesho. Sijui niwape hii, au niisahau mfukoni. Bibi Maeng wa jengo la tatu, ghorofa ya kumi na tatu, ameshushwa mgongoni mwa mkwewe, na mkwe mwenyewe sasa hanyooki. Wewe naona mgongo wako mzima."

Kwa hiyo daktari wa mafaili sugu alipanda ngazi na bibi wa miaka themanini na mitatu mgongoni, makombo ya keki yakimdondokea shingoni. Ghorofa ya tisa akaegemea ukuta.

"Bibi," alihema, "hiyo lifti watamaliza lini kuitengeneza?"

"Wanasema baada ya mwaka mpya, mwanangu." Bibi Maeng akajiweka vizuri mgongoni. "Kesho uje saa mbili. Nina safari ya sokoni, na huwa nanunua kabichi gunia zima."