Pendekezo la Bi Doreen na Uzinduzi wa Kituo cha Maridhiano

Mheshimiwa Kasisi wa parokia yetu, Waheshimiwa Madiwani wenzangu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Njiwa, Bi Doreen Sugden mwenye tanuri la mikate, mabibi na mabwana wa Cragby, na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Diwani Clive Barraclough, Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye nisipojitaja hapa leo hakuna atakayenitaja (kicheko): itifaki imezingatiwa!

Ninayo furaha isiyo kifani kuzindua mbele yenu, katika mvua hii yetu ya Yorkshire isiyoheshimu sherehe, mradi wa kimkakati wa Kituo cha Kumaliza Kesi Nje ya Mahakama, uliobuniwa kutokana na uzoefu mpana nilioupata katika nyanja hiyo, yaani ile kesi ya gari letu la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, lililorudi kinyumenyume kitaalamu hadi ndani ya ukuta wa Bi Doreen. (Sauti: "Kitaalamu, eti!")

Mtakumbuka kwamba Bi Doreen alituletea pendekezo la kuyamaliza: tumjengee ukuta, na mimi niseme pole, hapa sokoni, watu wakisikia. Sasa, kwa faida ya msiojua sheria zetu, pendekezo la namna hiyo hupewa majuma matatu. Ukilikubali, yamekwisha. Ukilikataa, au majuma yakipita hujajibu, jaji haambiwi lolote mpaka akate shauri. Ndipo anaonyeshwa, na mwenzako akiwa amepata alichoomba au zaidi, gharama zake za kesi tangu hapo, mawakili na chai yao, zote shingoni mwako. Nililielewa vizuri mno. Nikasema jambo zito hili, liende kwenye kamati. Kamati hukaa mara moja kwa mwezi. (Bi Doreen: "Na ilipokaa mlijadili biskuti!") Tulijadili biskuti, ni kweli, na tukafikia mwafaka wa asilimia mia moja.

Kortini nilizungumza hadi wakili wetu mwenyewe akanivuta koti. Jaji akampa Bi Doreen ukuta, akamwongezea tanuri jipya, kisha akaonyeshwa lile pendekezo. Akanitazama, ndugu zangu! Mama yangu mzazi hajawahi kunitazama vile, na sababu alikuwa nazo tele. Niliona aibu, sifichi, kwa dakika kadhaa.

Nikisema maridhiano, mseme kwanza! Maridhiano! (Sauti moja tu: "Kwanza pole!")

Namalizia kwa kuwashukuru Wafuga Njiwa kwa kutuazima nguzo mbili za kufungia utepe huu ninaoukata, ambao nyuma yake, kama mnavyoona, kuna nyasi, maana bajeti yote ya kituo ndiyo iliyowalipa mawakili wa Bi Doreen. Kituo hakipo. Hakijawahi kuwapo. Lakini kimezinduliwa!

(Bi Doreen anasimama: "Clive, nisikilize. Stoo yangu ya unga iko tupu, siitumii tena. Sema pole, watu wakisikia, iwe hicho kituo chenu. Una majuma matatu, kama mwanzo." Makofi. Mke wa Diwani: "Sema basi, Clive! Neno moja tu!")

Bi Doreen, umenigusa moyo. Neno lenyewe liko hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nalipokea pendekezo lako kwa mikono miwili, na nitaliwasilisha lote, bila kupunguza hata nukta, kwenye kamati, mwezi ujao.

Ahsanteni sana.